Malori Yasitangulie Karatasi: Mipaka ya Amiri Jeshi Mkuu wa Kenya

Waheshimiwa wabunge mliopo, mawakili, wanafunzi, wazee wetu mliovua sare baada ya kulitumikia taifa, mabibi na mabwana, hamjambo.

Siku Rais mpya wa Kenya anapoapishwa, anayeondoka humkabidhi vitu viwili: upanga na nakala ya Katiba. Macho yote huenda kwenye upanga. Unang'aa, na umati hushangilia unapopokelewa. Ile Katiba ni kijitabu tu. Lakini nguvu zote za upanga ule zimeandikwa ndani ya kijitabu hicho, tena kwa maneno machache mno. Kifungu cha 131 kinasema Rais ni Amiri Jeshi Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, na ni mwenyekiti wa Baraza la Usalama la Kitaifa. Basi. Hakisemi anaweza kupeleka jeshi wapi, kwa muda gani, wala kwa idhini ya nani. Hayo yametawanyika kwingine, katika vifungu vya 58, 95, 132, 135, 223, na kuanzia 238 hadi 241. Anayesoma 131 peke yake ni kama mtu aliyesoma jina la mwenye shamba kwenye hatimiliki bila kuangalia ramani ya mipaka.

Ninalotaka tulitazame leo ni hili. Katiba ya 2010 haikumnyima Rais jeshi. Ilimpa jeshi, kisha ikataka kila hatua kubwa ipitie karatasi: sahihi, notisi, hoja bungeni, ripoti. Vifungu tunavyo vya kutosha. Kinachotusumbua ni mpangilio wa siku. Malori ya jeshi yanatangulia, karatasi inafuata.

Tuanze na kifungu kinachosahaulika kuliko vyote, cha 135. Kinasema uamuzi wa Rais katika kutekeleza kazi yoyote aliyopewa na Katiba lazima uwe kwa maandishi, uwe na muhuri na sahihi yake. Kazi yoyote. Kwa hiyo neno la jukwaani, hata likitamkwa kwa ukali na kupigiwa makofi, bado si uamuzi wa Rais kisheria. Nawasihi mawakili vijana wakishike kifungu hiki. Mteja akija na malalamiko kwamba "Rais ameamuru jeshi liingie", swali la kwanza la kuuliza ni: iko wapi karatasi?

La pili, Rais ni raia. Anaweza kuvaa sare ya jeshi katika sherehe, na tumemwona zaidi ya Rais mmoja akifanya hivyo, lakini sare haimpi cheo katika orodha ya maafisa, wala haimpeleki mbele ya mahakama ya kijeshi. Kifungu cha 239 kinasema vyombo vya usalama viko chini ya mamlaka ya kiraia, na kifungu hichohicho kinakataza vyombo hivyo kupendelea upande wowote, kuendeleza maslahi ya chama cha siasa, au kuhujumu maslahi halali ya kisiasa ya wengine. Hapo pana pande mbili, na zote mbili ni muhimu. Jenerali hamwamrishi Rais. Na Rais hawezi kulifanya jeshi kuwa jeshi la chama chake. Tarehe 1 Agosti 1982 nchi hii ilionja upande wa kwanza ukivunjwa, pale askari wa Jeshi la Anga walipojaribu kupindua serikali. Katika kuuogopa sana upande huo tumekuwa tukiusahau wa pili.

Sasa amri inapita wapi? Juu kuna Baraza la Usalama la Kitaifa. Kifungu cha 240 kinataja wajumbe tisa: Rais, Naibu wake, mawaziri wa ulinzi, wa mambo ya nje na wa usalama wa ndani, Mwanasheria Mkuu, Mkuu wa Majeshi, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Ujasusi, na Inspekta Jenerali wa Polisi. Mwanasheria Mkuu hakuwekwa pale kwa heshima. Kazi yake mezani ni kusema "hili linahitaji Bunge" kabla uamuzi haujatoka nje ya chumba. Chini ya Baraza hilo la Usalama kuna Baraza la Ulinzi, lililo katika kifungu cha 241. Mwenyekiti wake ni Waziri wa Ulinzi, na wajumbe ni Mkuu wa Majeshi, makamanda watatu wa Jeshi la Nchi Kavu, la Anga na la Wanamaji, pamoja na Katibu wa Wizara. Baraza hili ndilo lenye jukumu la sera, udhibiti na usimamizi wa jumla wa majeshi. Mtaona kwamba Rais si mjumbe wake. Hakai katika meza inayosimamia jeshi siku kwa siku. Anakaa katika meza inayoamua jeshi litumike kwa nini. Mkuu wa Majeshi naye ndiye mshauri mkuu wa kijeshi wa Rais na wa Baraza la Usalama, na kutoka kwake amri inashuka kwa makamanda.

Hapa naweka dukuduku langu moja. Inspekta Jenerali wa Polisi huteuliwa kwa idhini ya Bunge. Mkuu wa Majeshi huteuliwa na Rais bila kuhojiwa na kamati yoyote ya Bunge. Kwa hiyo anayeongoza silaha nzito zaidi nchini hapitii mlango anaoupitia anayeongoza polisi. Naliona hilo kuwa pengo, na ni pengo linaloweza kuzibwa.

Tuje sasa kwenye kiini. Kifungu cha 241(3) kinalipa jeshi kazi tatu, na kila kazi ina sharti lake. Aya ya (a) ni kuilinda nchi, uhuru na mipaka yake. Hapo Rais ana nafasi pana kuliko kwingine kote, na ni sawa iwe hivyo, kwa sababu adui akivuka mpaka usiku wa manane huwezi kusubiri Spika agonge nyundo. Aya ya (b) ni kusaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, kama mafuriko, jengo lililoporomoka, ukame. Hapo jeshi linatoka kwanza, kisha ripoti inapelekwa kwa Bunge la Kitaifa kila linapotumwa. Aya ya (c) ni kurejesha amani katika sehemu ya Kenya iliyokumbwa na machafuko. Na hapa lugha inabadilika ghafla: linaweza kutumwa kwa idhini ya Bunge la Kitaifa pekee.

Tofauti kati ya (b) na (c) ni tofauti kati ya kuarifu na kuomba ruhusa. Waandishi wa Katiba hawakuteleza. Walijua mwanajeshi anayebeba magunia ya unga katika mafuriko si hatari sawa na mwanajeshi aliyeelekezwa kwa wananchi wenzake wenye hasira. La kwanza lisicheleweshwe na mjadala. La pili lazima lipite kwenye mjadala.

Na hapo ndipo kishawishi kilipo. Serikali yoyote inayokabiliwa na vurugu za mitaani itatamani kuziita "dharura", kwa sababu neno hilo linaihamisha kutoka mlango wa (c) hadi mlango wa (b), ambao haufungwi. Maneno mawili yanaweza kufanya kazi hiyo: "dharura ya kiusalama". Ukishayaunganisha hivyo, kila machafuko yanaweza kusomwa kama dharura, na aya ya (c) inabaki pambo. Kanuni ya kusoma sheria ni kwamba hakuna aya iliyoandikwa bure. Kama (b) ingetosha kwa machafuko, (c) isingeandikwa.

Tulinganishe matukio mawili yaliyo wazi kwa kila mtu. Februari 2023 jeshi lilitumwa kusaidia polisi dhidi ya wezi wa mifugo wenye silaha katika Bonde la Ufa kaskazini. Notisi ilitaja kaunti sita kwa majina: Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Hoja ikapelekwa Bunge la Kitaifa, ikapita. Unaweza kubishana kuhusu mbinu zilizotumika huko, lakini mkazi wa Busia au Kwale alijua kwamba notisi ile haimhusu. Mipaka ilionekana kwenye ramani.

Kisha ikaja Jumanne ya tarehe 25 Juni 2024. Vijana waliokuwa wakiandamana dhidi ya Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge, na siku hiyohiyo Waziri wa Ulinzi akachapisha notisi katika Gazeti Rasmi kwamba jeshi limetumwa kusaidia polisi kukabili dharura ya kiusalama iliyotokana na maandamano yenye vurugu katika sehemu mbalimbali za Jamhuri. Naomba mtazame maneno hayo ya mwisho kwa karibu. "Sehemu mbalimbali za Jamhuri." Hakuna kaunti iliyotajwa. Hakuna tarehe ya mwisho. Mwanajeshi angeweza kuwa popote, hadi lini, haijulikani. Chama cha Mawakili kilikwenda Mahakama Kuu. Bunge la Kitaifa likapitisha hoja ya kuidhinisha siku iliyofuata, tarehe 26. Tarehe 27 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu hakuwaondoa wanajeshi barabarani, ila aliiamuru serikali ichapishe, ndani ya siku mbili, jeshi litafanya nini, wapi, na kwa muda gani.

Amri ile ya mahakama ilikuwa fupi, lakini ilirudisha vitu ambavyo notisi ilikuwa imeviacha. Navyo havikubuniwa na jaji. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya 2012 inamtaka Waziri aliarifu Bunge la Kitaifa upesi na kwa kina kuhusu sababu ya kutumwa kwa jeshi, mahali, idadi ya wanajeshi, muda unaotarajiwa, na gharama. Afrika Kusini wameyaweka manne ya kwanza ndani ya Katiba yenyewe, katika kifungu cha 201. Sababu, mahali, idadi, muda, gharama: mbunge asiye na majibu ya matano hayo mbele yake hana cha kuidhinisha. Anaidhinisha hewa.

Kwa nini mahali na muda vina uzito kiasi hiki? Kwa sababu notisi isiyo na mahali haiwezi kukiukwa. Kamanda akipeleka kikosi katika mji ambao haukuwa na fujo yoyote, nani atasema amevuka mpaka ambao haukuchorwa? Na notisi isiyo na tarehe ya mwisho haikomi, inasahauliwa tu. Miezi sita baadaye mtu anaweza kuifukua na kusema jeshi bado lina ruhusa. Pia kuna suala la kiutendaji ambalo wazee wetu mliovaa sare mnalijua kuliko sisi. Mwanajeshi hufunzwa kumkabili adui mwenye silaha, kumzidi nguvu na kumshinda. Polisi hufunzwa, au anapaswa kufunzwa, kuutawanya umati na kurudi nyuma. Ukiwaweka pamoja bila kusema nani anaongoza, utapata vikosi viwili mtaa mmoja vikisikiliza redio mbili. Ndiyo maana ni lazima ijulikane kwa maandishi kwamba katika shughuli ya kuwasaidia polisi, polisi ndio wenye shughuli, na jeshi ni msaidizi. Kanuni za kutumia silaha nazo zitolewe kabla ya askari kupanda lori: nani anaruhusiwa kufyatua, akiona nini, baada ya onyo gani. Baada ya risasi ya kwanza ni kuchelewa.

Tuondoke nyumbani, tuvuke mpaka. Kupeleka majeshi nje ya nchi kwa shughuli za kulinda amani za kikanda au kimataifa kuko katika kifungu cha 240(8). Anayepeleka ni Baraza la Usalama la Kitaifa, kwa idhini ya Bunge. Katika kifungu hiki Katiba inasema "Bunge", haisemi "Bunge la Kitaifa". Maana yake ni mabaraza yote mawili, pamoja na Seneti. Wanafunzi wengi hulipita neno hilo bila kuliona. Kifungu hichohicho ndicho kinachotaka idhini ya Bunge kabla majeshi ya kigeni hayajaruhusiwa kuwepo hapa kwetu.

Novemba 2022 Rais alikabidhi bendera kwa kikosi kilichokuwa kikienda mashariki mwa Kongo chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wanajeshi walikuwa 903, na bajeti ya miezi sita ya mwanzo ilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 4. Bendera ilikabidhiwa tarehe 2. Hoja ikapita Bunge la Kitaifa wiki iliyofuata. Mtu anaweza kusema wiki moja ni nini? Wiki moja ni kila kitu. Mbunge anayepiga kura baada ya bendera kupepea kwenye televisheni hana tena uhuru wa kusema hapana. Akikataa, ataambiwa amewasaliti vijana waliokwisha kufunga mabegi. Idhini inayoombwa baada ya sherehe inageuka kuwa pongezi. Na sheria haikutaka pongezi.

Haya, linganisheni na Somalia. Oktoba 2011 majeshi yetu yaliingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi, baada ya utekaji wa watalii na wafanyakazi wa misaada upande wetu. Serikali ya Rais Kibaki ilitegemea haki ya kujilinda iliyo katika kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Hapo tuko katika aya ya (a), kulinda nchi, na hoja kwamba idhini ya kabla haikuhitajika inasimama. Lakini operesheni ya kujilinda ilipogeuka kuwa sehemu ya kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, mlango ulibadilika. Ikawa ni 240(8), na suala likapelekwa Bunge mwishoni mwa mwaka huo. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapandisha idadi ya kikosi kizima hadi 17,731 ili nafasi yetu ipatikane. Ninaupenda mfano huu kwa sababu unaonyesha operesheni moja, kwenye ardhi ileile, ikibadilika kisheria bila askari kuhama handaki. Tangu hapo misheni imebadilika jina na kazi: ATMIS mwaka 2022, AUSSOM mwaka 2025. Kila inapobadilika, naamini idhini inapaswa kurudi mezani na kuhesabiwa upya, kwa sababu Bunge huidhinisha kazi fulani, haliidhinishi makazi.

Mfano wa Haiti una funzo la aina nyingine. Baraza la Usalama la Kitaifa liliamua kupeleka polisi elfu moja, na Bunge likaidhinisha Novemba 2023. Karatasi ilikuwepo, tena kabla ya safari. Lakini tarehe 26 Januari 2024 Jaji Chacha Mwita aliubatilisha uamuzi ule. Alisema kifungu cha 240(8) kinazungumzia majeshi, na Baraza halina uwezo wa kupeleka polisi nje kwa kukitumia. Njia ya polisi iko katika Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, nayo inataka kuwe na mpango wa maelewano na nchi inayowapokea. Serikali ikaenda kutafuta mkataba, ukasainiwa Nairobi tarehe 1 Machi. Kumbe hata ukiwa na kura zote za Bunge, mlango usio wako haufunguki.

Kuhusu vita yenyewe nitasema kidogo tu. Chini ya kifungu cha 132, Rais hutangaza vita kwa idhini ya Bunge, na kifungu cha 95 kinalitaja Bunge la Kitaifa kuwa ndilo linaloidhinisha. Kenya haijawahi kutangaza vita rasmi chini ya Katiba hii, na dunia ya leo hutangaza vita mara chache. Ndiyo maana vifungu vinavyofanya kazi kweli ni vile vya kutuma vikosi.

Hali ya hatari, hapo lazima tukae. Neno hilo lina makovu katika nchi hii. Gavana wa kikoloni, Baring, alilitangaza tarehe 20 Oktoba 1952, na halikuondolewa mpaka Januari 1960. Miaka saba na zaidi kwa sahihi ya mtu mmoja. Mkisoma kifungu cha 58 mkiwa na miaka hiyo saba akilini, mtaona kila sentensi inajibu kidonda fulani. Tangazo la Rais linadumu siku 14 tu. Kuliongeza kunahitaji Bunge la Kitaifa baada ya mjadala wa hadharani, na nyongeza moja haiwezi kupita miezi miwili. Nyongeza ya kwanza inahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233 kati ya 349. Nyongeza yoyote inayofuata inahitaji robo tatu, yaani 262. Kadiri hali ya hatari inavyorefuka, ndivyo inavyohitaji watu wengi zaidi, wakiwemo wa upinzani. Mahakama ya Juu inaweza kuamua kama tangazo lenyewe ni halali. Na kuna sentensi moja ambayo natamani ingebandikwa katika kila kambi: tangazo la hali ya hatari haliwezi kumkinga mtu yeyote, wala serikali, dhidi ya dai linalotokana na kitendo kisicho halali. Hakuna msamaha wa jumla unaosubiri mwisho wa fujo.

Hilo linatuleta kwa askari mwenyewe, yule kijana wa cheo cha chini ambaye mihadhara kama hii humsahau. Yeye huadhibiwa kwa kukataa amri halali. Neno "halali" lina uzito wake. Amri inaposhuka kutoka juu, kila ngazi inaibeba pamoja na wajibu wake, na wajibu hauyeyuki njiani. Kenya iliridhia Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), mwaka 2005 na kuuingiza katika sheria zetu kupitia Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008. Chini ya mkataba ule, amri ya kuua raia kama sehemu ya shambulizi kubwa au la kupangwa dhidi yao huhesabiwa kuwa haramu waziwazi, na kusema "niliamrishwa" si kinga. Kamanda aliyejua au aliyepaswa kujua, naye anawajibika vilevile. Na Rais? Kifungu cha 143 kinamkinga asishtakiwe akiwa madarakani, lakini kinaiondoa kinga hiyo pale mkataba ambao Kenya ni mwanachama wake unapokataza kinga kwa uhalifu husika. Uamuzi wake kikazi unaweza kupingwa mahakamani hata yeye binafsi asiposhtakiwa. Ndiyo maana kesi nilizozitaja ziliweza kusikilizwa. Na zaidi ya mahakama kuna kifungu cha 145, kumwondoa Rais kwa ukiukaji mkubwa wa Katiba, theluthi mbili ya Bunge la Kitaifa kisha theluthi mbili ya Seneti.

Kuna uvukaji mipaka mwingine usio na kelele, unaonipa wasiwasi zaidi kuliko ule wa barabarani. Mwaka 2020 Meja Jenerali alipewa kuongoza idara iliyoendesha huduma za jiji la Nairobi, na mwaka huohuo Tume ya Nyama ikahamishiwa Wizara ya Ulinzi. Sababu iliyotolewa mara zote ni nidhamu na kasi. Sikatai kwamba wanajeshi hufanya kazi kwa wakati. Lakini kila ofisi ya kiraia inayokabidhiwa sare inahama kutoka kwenye maswali ya madiwani na wabunge, na inahamia mahali ambapo jibu la kawaida ni "ni suala la usalama". Hakuna aya katika 241(3) inayotaja kuchinja ng'ombe wala kuzoa taka.

Nimalizie na fedha, kwa sababu hapo ndipo mbunge ana nguvu ambayo haitegemei kelele. Fedha zikihitajika ghafla, kifungu cha 223 kinairuhusu serikali kutumia kabla ya kuidhinishwa, mradi isizidi asilimia 10 ya kiasi kilichoidhinishwa mwaka huo, na ombi la idhini lifike Bunge ndani ya miezi miwili tangu fedha za kwanza zitolewe. Msimamizi wa Bajeti naye lazima aridhie kila utoaji wa fedha. Baraza la Usalama hutakiwa kuwasilisha ripoti kwa Bunge kila mwaka. Wabunge mliopo, nawaomba kitu kimoja mahususi. Hoja ya kutuma jeshi itakapokuja tena mbele yenu, wekeni marekebisho ya sentensi tatu kabla ya kupiga kura: idhini hii inakoma tarehe fulani, haivuki kaunti au nchi hizi, na Waziri atawasilisha hesabu ya wanajeshi, majeruhi, raia waliodhurika na shilingi zilizotumika ndani ya siku 30 baada ya kikosi cha mwisho kurudi kambini. Sentensi tatu zinaingia katika nusu ukurasa. Na kama bendera imeshakabidhiwa kabla ya hoja kuwafikia, andikeni tarehe zote mbili katika kumbukumbu rasmi za Bunge, ile ya bendera na ile ya kura, zikiwa zimefuatana.

Asanteni sana. Sasa nipo tayari kwa maswali yenu.